Ukoo wa Capet uliishaje? Sio laana, ni mlango walioufunga wenyewe

Kuna kijana kaniuliza, naliweka swali lake lote maana kauliza vizuri: "Shikamoo mwalimu. Nimesoma kwamba wafalme wa ukoo wa Capet walitawala Ufaransa zaidi ya miaka 300, baba anamwachia mwana, mwana anamwachia mwanawe, haikatiki. Alafu ndani ya miaka 14 tu wakafa wafalme watano na ukoo ukaisha. Watu wanasema ni laana ya yule mkuu wa Templars (wale watawa wapiganaji) aliyechomwa moto. Ni kweli? Na kama waliisha 1328, mbona Louis wa 16 kwenye mapinduzi walimwita Louis Capet?"

Marahaba mwanangu. Jibu fupi ni hapana, laana haihusiki. Jibu refu ndo hili hapa, kaa vizuri. Mimi habari hii nimeisomesha miaka mingi na kila nikifika mwaka 1316 huwa napunguza mwendo, maana pale kuna mtoto wa kike wa miaka minne hivi anaitwa Jeanne, ambaye watu wanampita mbiombio wakiikimbilia laana, na kumbe kisa chote kiko kwake. Nitamfikia, lakini kwanza lazima ujue hawa watu waliingiaje, kwa sababu namna walivyoingia ndo inaeleza kwanini suala la mtoto wa kiume kwao lilikuwa kufa na kupona.

Mwaka 987 mfalme kijana Louis wa 5, wa mwisho wa kizazi cha Charlemagne, mfalme mkubwa wa kale wa Wafranki, kukaa kwenye kiti kile, alianguka mawindoni akafa na hana mtoto. Baba yake mdogo alikuwepo, Charles wa Lorraine, na kwa damu ndo aliyestahili. Lakini wakubwa wa nchi walipokutana Senlis, askofu mkuu wa Reims, Adalbéron, akasimama akawaambia ufalme haupatikani kwa kurithi, anapewa mwenye sifa. Wakamchagua Hugues Capet, mtu ambaye babu zake wawili walishawahi kuvaa taji kwa vipindi vifupi, mmoja wao ni Eudes aliyeilinda Paris ilipozingirwa na Waviking 885 na 886. Mwezi wa 7 akatawazwa Noyon.

Sasa fikiria upo kwenye nafasi ya Hugues. Umepewa kiti kwa hoja kwamba kiti hakirithiwi. Ni hoja tamu leo, lakini kesho ukifa hao hao wakubwa watakutana tena Senlis na hoja ile ile na mwanao ataambiwa kaa pembeni. Kwahiyo kabla mwaka haujaisha akamwendea Adalbéron akitaka mwanawe Robert naye atawazwe, askofu akasita, wafalme wawili ndani ya mwaka mmoja wapi na wapi, Hugues akamwambia nimeitwa Barcelona kusaidia vita dhidi ya Waislamu wa Hispania, nikifia huko nchi itabaki na nani? Siku ya Krismasi 987 Robert akatawazwa pale Orléans, na Hugues Barcelona hakwenda kamwe.

Hicho kitendo ndo msingi wa nyumba nzima. Kwa kama miaka 200 karibu kila mfalme wa Capet alihakikisha mwanawe anapakwa mafuta na kuvikwa taji baba akiwa bado hai, hivyo baba akifa hakuna uchaguzi wa kufanya, mfalme tayari yupo. Taratibu watu wakazoea, wakasahau kwamba kulikuwa na kuchagua.

Na usidhani walikuwa matajiri wa kutisha. Hugues na waliomfuata walikuwa na kipande cha ardhi kuanzia maeneo ya Paris kushuka Orléans na vipande vingine huku na kule, basi. Mtawala wa Normandy, wa Flanders, wa Aquitaine, wa Anjou, hao kila mmoja alikuwa bwana kwake. Hata kwenye hicho kipande chao hawakuwa salama. Kuna ngome inaitwa Montlhéry, kama kilomita 25 kusini mwa Paris, mabwana wake walikuwa wanaibana njia ya Orléans kiasi kwamba mfalme wa Ufaransa kutoka mji wake mmoja kwenda mwingine ni lazima apime nani anamvizia njiani. Mfalme Philippe wa 1 alipokuja kuipata kwa njia ya kumwoza mwanawe alimwambia mrithi wake Louis alinde ule mnara kwa nguvu zote, maana umemzeesha kabla ya wakati. Tunalijua hilo kwa sababu lilikuja kuandikwa na Suger, abati (mkuu wa watawa) wa Saint-Denis, kanisa wanakozikwa wafalme karibu na Paris, aliyekuwa mtu wa karibu wa Louis. Huyo Louis wa 6, wanamwita Mnene, alimaliza ujana wake juu ya farasi akizivunja ngome za mabwana wadogo waliokuwa wanapora mashamba ya kanisa na wafanyabiashara njiani. Sio vita vya kuimbwa. Lakini bila yeye wale wakubwa waliofuata wangesimama juu ya nini?

Hapa nisimame kidogo kwa kisa kimoja kinachoonyesha huu mfumo wa baba kwa mwana ulivyokuwa unaning'inia kwenye uzi. Louis wa 6 alikuwa na kijana wake mkubwa, Philippe, ameshamtawaza 1129 kama desturi. Mwezi wa 10 mwaka 1131 kijana anapita na farasi Paris, nguruwe akachomoka akaingia miguuni mwa farasi, farasi akaanguka na kijana akaumia vibaya, hakufika mbali akafa. Nguruwe wa mtaani tu, Paris ya wakati ule walikuwa wanazurura humo humo. Baba pamoja na majonzi yote hakusubiri hata wiki mbili, akamtoa mtoto wake wa pili aliyekuwa analelewa awe mtu wa kanisa, umri wake kama miaka 11, akampeleka Reims, mji wa kutawazia wafalme, ambako Papa Innocent wa 2 alikuwepo, wakamtawaza tarehe 25 mwezi huo huo. Huyo ndo Louis wa 7.

Na huyu mtoto wa kanisani ndo aliyekaribia kuizima taa karibu miaka 150 kabla ya wakati. Alioa Aliénor, mrithi wa Aquitaine, jimbo kubwa kuliko ardhi yote ya mfalme mwenyewe. Miaka 15 ya ndoa wakapata mabinti wawili. Mwaka 1152 ndoa ikabatilishwa, na kabla miezi miwili haijapita Aliénor akaolewa na Henri wa Anjou, ambaye miaka miwili baadaye akawa mfalme wa Uingereza, na Aquitaine ikaenda naye. Wengi wanamcheka Louis kwa hili, mimi huwa namwonea huruma, yule bwana aliogopa kufa bila mtoto wa kiume kuliko alivyoogopa kupoteza nusu ya nchi, na kwa hesabu ya ukoo wake hakukosea. Mke wa pili naye akazaa mabinti wawili, akafariki. Mke wa tatu, Adèle wa Champagne, ndo kwenye usiku wa mwezi wa 8 mwaka 1165 akajifungua mtoto wa kiume.

Kulikuwa na mwanafunzi wa Wales akisoma Paris wakati huo, Gerald, baadaye akaandika alichokiona. Alishtuka usingizini kwa kengele na mwanga, akadhani mji unaungua, akatoa kichwa dirishani akaona vikongwe wawili wanakimbia na mienge, akawauliza kuna nini, wakamjibu kwamba sasa Mungu ametupa mfalme atakayemwangamiza mfalme wenu. Soma hapo mwanangu. Vikongwe maskini, usiku wa manane, wanakimbia barabarani kwa sababu malkia kazaa mvulana. Ndo ujue hadi hapo watu wa kawaida walishaungana roho na ukoo huu.

Na vikongwe hawakukosea. Yule mtoto ni Philippe Auguste, na ndiye wa mwisho kutawazwa baba yake akiwa hai, 1179. Mwezi wa 3 mwaka 1204 aliiteka Château-Gaillard, ngome iliyojengwa na Richard wa Uingereza juu ya mto Seine kuilinda Normandy, na Normandy yote ikafuata. Ikumbuke hiyo ngome, tutarudi. Tarehe 27 mwezi wa 7 mwaka 1214 pale Bouvines akalipiga jeshi la mfalme wa Wajerumani Otto na wenzake wa upande wa Uingereza. Akaizungushia Paris ukuta, akajenga ngome ya Louvre, akaweka maofisa wanaolipwa na mfalme wa kukusanya mapato na kusikiliza kesi badala ya kutegemea mabwana wenye urithi wao. Mwanawe alipofika zamu yake hakuwa ametawazwa mapema kama wenzake. Hakukuwa na haja tena.

Nataka uone jambo hilo lilivyokomaa, na sehemu ya kuliona vizuri kuliko zote ni huku kwetu Afrika. Louis wa 9, mjukuu wa Philippe Auguste, yule waliyekuja kumfanya mtakatifu 1297, alishakwenda vita vya msalaba Misri akashikwa mateka 1250 akakombolewa kwa fedha nyingi. Wakati yuko mateka mkewe Marguerite akajifungua mtoto wa kiume Damietta, wakamwita Jean Tristan, Tristan kwa ajili ya huzuni ya wakati ule. Miaka 20 baadaye baba huyo huyo akasafiri tena, safari hii Tunis, na mwaka 1270 kambini pakaingia ugonjwa wa kuhara. Jean Tristan akatangulia kufa, na tarehe 25 mwezi wa 8 baba akamfuata. Mwili ukachemshwa ili mifupa itengane na nyama iweze kusafirishwa hadi Saint-Denis. Na palepale, kwenye mahema ya wagonjwa, ng'ambo ya bahari, mbali na Reims na mafuta yake matakatifu, mwanawe Philippe wa 3 akawa mfalme na hakuna aliyeuliza swali. Utawala wake ulihesabiwa kuanzia siku baba alipokata roho. Ukilinganisha na Hugues anayembembeleza askofu Krismasi ya 987 utaona safari waliyotembea.

Sasa tuje kwenye miaka 14.

Philippe wa 4, mtoto wa huyo Philippe wa 3, alikuwa na watoto wa kiume watatu wazima na binti mmoja, Isabelle, aliyeolewa na mfalme wa Uingereza. Vijana watatu! Baba gani wa Capet aliwahi kulala usingizi mzuri hivyo. Alikuwa mfalme mgumu, alipambana na Papa Boniface wa 8 hadi watu wake wakamvamia mzee yule Anagni 1303, aliwafukuza Wayahudi 1306 na kuchukua mali zao, na Ijumaa tarehe 13 mwezi wa 10 mwaka 1307 akawakamata Templars nchi nzima kwa asubuhi moja. Mwezi wa 3 mwaka 1314 mkuu wao Jacques de Molay akachomwa kwenye kisiwa kidogo cha mto Seine hapo Paris. Papa Clement wa 5 akafa mwezi uliofuata, mfalme akafa mwezi wa 11 mwaka huo huo.

Laana unayoiulizia imetokea hapo. Mwandishi mmoja wa wakati ule aliandika kwamba Molay alisema Mungu atalipiza kifo chake, hilo lipo. Lakini ile habari kwamba aliwaita mfalme na Papa kwa majina wakutane mbele ya Mungu ndani ya mwaka, na akalaani vizazi vyao, hiyo imekua baadaye midomoni mwa watu waliokwishajua nani kafa lini. Clement alikuwa mgonjwa miaka mingi kabla.

Ila 1314 kweli ndo mwaka wenyewe. Watu wameona mwaka sawasawa, wakakosea sababu tu. Miezi hiyo hiyo lilitokea jambo lingine ndani ya nyumba ya mfalme, na hilo ndo lililokata kizazi.

Wale vijana watatu walikuwa wameoa binti za Burgundy. Louis mkubwa alimwoa Marguerite, Philippe alimwoa Jeanne, Charles mdogo alimwoa Blanche, ndugu yake Jeanne tumbo moja. Masika ya 1314 ikatoka fedheha kwamba Marguerite na Blanche wana mahawara, mashujaa wawili ndugu, Philippe na Gautier d'Aunay. Inasemekana aliyeshtuka ni wifi yao Isabelle, malkia wa Uingereza, alipokuja Ufaransa akawaona wale vijana wamevaa vifuko vya fedha alivyowapa wifi zake zawadi. Vijana wakateswa, wakakiri, wakauawa kikatili Pontoise mbele ya watu. Marguerite na Blanche wakanyolewa nywele wakafungwa, unajua wapi? Château-Gaillard. Ngome ile ile babu mkubwa aliyoiteka 1204 kwa shangwe, sasa imegeuka jela ya wake wa wajukuu zake. Mke wa Philippe alihojiwa akasafishwa, akarudi kwa mumewe.

Fanya hesabu na mimi. Mwaka 1314 warithi wawili kati ya watatu wana wake gerezani. Kwa sheria ya kanisa hawawezi kuoa mwingine mpaka ndoa ibatilishwe au mke afe. Ndoa ya mfalme inabatilishwa na Papa, na Papa Clement kafa mwezi wa 4, makardinali wamegombana wameshindwa kuchagua mwingine kwa miaka miwili mizima, hadi mwezi wa 8 mwaka 1316. Kwahiyo Louis wa 10 anakuwa mfalme akiwa na mke kwenye ngome na hana pa kupeleka shauri lake. Marguerite akafia jela 1315, hapo hapo Louis akamwoa Clémence wa Hungary. Charles yeye alisubiri hadi 1322 ndo ndoa yake na Blanche ikafutwa. Miaka 8 imeenda bure. Ukitaka kujua watoto wa kiume walikwenda wapi, walikwenda huko.

Mwezi wa 6 mwaka 1316 Louis wa 10 yuko Vincennes, kacheza mpira wa mikono hadi jasho limemlowanisha, inasemekana akanywa mvinyo wa baridi, akaugua, akafa. Umri 26. Kaacha binti mmoja, Jeanne, mtoto wa Marguerite yule aliyefungwa, na kamwacha Clémence mjamzito.

Hapa ndo nilipokuwa nakuleta.

Philippe, mdogo wake marehemu, alikuwa Lyon akisimamia makardinali wachague Papa. Akarudi Paris haraka akaushika usimamizi wa nchi. Mwezi wa 7 wakaandikiana na Eudes, mtawala wa Burgundy, mjomba wake Jeanne: Clémence akizaa mvulana ndo mfalme, akizaa msichana suala la haki za mabinti litaamuliwa wakishakua. Yaani mwaka 1316 hakuna aliyesema mwanamke hawezi kutawala Ufaransa. Swali lilikuwa wazi. Halikuwa limewahi kuulizwa kwa sababu miaka 300 na ushee mvulana alikuwa hakosekani.

Usiku wa kuamkia tarehe 15 mwezi wa 11 Clémence akajifungua mvulana, Jean wa 1, amezaliwa tayari ni mfalme. Akaishi siku tano. Sanamu yake ipo Saint-Denis hadi leo, kalala kadogo pembeni ya baba yake.

Mkataba unasema nini mvulana akizaliwa akafa? Hausemi. Na baba mdogo hakusubiri. Tarehe 9 mwezi wa 1 mwaka 1317 Philippe wa 5 akatawazwa Reims, milango ya mji imefungwa na ina walinzi. Mtawala wa Burgundy hakuja. Hata Charles, mdogo wake mwenyewe, aliondoka mjini asubuhi ya siku ile ile. Bibi yake Jeanne upande wa mama, Agnès, mzee binti wa yule mtakatifu Louis wa 9, akapinga kwa niaba ya mjukuu wake. Wakati fulani huwa nawaza, kati ya watu wote wa ukoo ule aliyesimama upande wa mtoto ni bibi mmoja tu na mjomba, na mjomba naye hakudumu, 1318 akapewa binti wa Philippe amwoe akaachia madai ya mpwa wake.

Mwezi wa 2 mwaka 1317 Philippe akaita mkutano Paris, mabwana, maaskofu, watu wa mjini, wasomi wa chuo kikuu, wakatamka kwamba mwanamke harithi ufalme wa Ufaransa. Ile sheria ya Wasali unayoisikia kwenye vitabu hakuna aliyeitaja siku zile, ni andiko la kale la Wafranki kuhusu urithi wa ardhi, wanasheria walilifukua miaka mingi baadaye kuipa heshima kazi iliyokwishafanyika. Kilichokuwepo 1317 ni mtu mzima mwenye jeshi na mtoto wa miaka minne ambaye watu wananong'ona kwamba hata baba yake hajulikani vizuri kwa sababu ya kesi ya mama. Huo mnong'ono ulifanya kazi kubwa kuliko sheria yoyote.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mwaka ule ule wa 1317 mwanawe mdogo wa kiume Philippe akafa, akabaki na mabinti. Mwezi wa 1 mwaka 1322 Philippe mwenyewe akafa. Na Charles, aliyekuwa kanuna 1317, sasa akapita kwenye mlango ule ule, wale mabinti wa Philippe hakuna hata aliyewaulizia, hoja ya baba yao imewafunga wao. Charles wa 4 akaoa Marie wa Luxembourg, akafa 1324 pamoja na mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake. Akaoa Jeanne d'Évreux. Tarehe 1 mwezi wa 2 mwaka 1328 Charles akafa Vincennes, mkewe ana mimba ya miezi saba hivi. Nchi nzima ikakaa miezi miwili ikisubiri tumbo la mjane. Tarehe 1 mwezi wa 4 akajifungua. Msichana.

Basi. Miaka 341 imekwisha hapo.

Waliosimama kudai walikuwa wawili, na sisi Waswahili tunawaelewa haraka kuliko wengi maana lugha yetu inawatenga vizuri. Mmoja ni mtoto wa baba mdogo, Philippe wa Valois, mwana wa Charles wa Valois, ndugu yake Philippe wa 4. Mwingine ni mpwa, Edward wa 3 wa Uingereza, kijana wa miaka 15, mtoto wa dada. Kwa ukaribu mpwa yuko mbele. Lakini dada mwenyewe ni nani? Ni Isabelle. Yule yule wa vifuko. Wakubwa wa Ufaransa wakasema mama hawezi kumpa mtoto haki ambayo yeye mwenyewe hana, na tarehe 29 mwezi wa 5 Philippe wa Valois akatawazwa. Edward hakusahau, kuanzia 1337 wakaingia kwenye vita ambavyo pamoja na mapumziko vilikwenda hadi 1453.

Kuhusu Louis Capet. Kilichokatika 1328 ni shina, matawi yalibaki. Valois ni kizazi cha mwana wa Philippe wa 3. Nao walipoisha 1589, tena baada ya ndugu watatu kupokezana kiti bila kuacha mvulana halali wa kurithi, waliofuata ni Bourbon, kizazi cha Robert wa Clermont, mtoto mdogo wa Louis wa 9. Wote kwa upande wa baba wanarudi kwa Hugues. Wanamapinduzi walipomvua Louis wa 16 ufalme 1792 walitaka aitwe kwa jina la ukoo kama raia yeyote, wakachukua la babu wa kwanza. Mwenyewe alikataa, akasema hilo sio jina lake, ni la mmoja wa wazee wake. Walimkata kichwa tarehe 21 mwezi wa 1 mwaka 1793, na baadaye mwaka huo makaburi ya Saint-Denis yakafukuliwa, mifupa ya kina Capet ikatupwa shimoni. Na bado hawajaisha, mfalme wa Hispania wa leo, Felipe wa 6, ni Bourbon, ni wa damu ile ile baba kwa baba.

Nilisema nitarudi kwa Jeanne. Wafalme wa Ufaransa walikuwa pia wafalme wa Navarre, ufalme mdogo milimani mpakani na Hispania, na waliupata kwa bibi yake huyu mtoto, aliyeitwa Jeanne vilevile, malkia kwa haki yake mwenyewe, aliyeolewa na Philippe wa 4. Huko mwanamke anarithi, hakuna ubishi. Lakini baba zake wadogo wote wawili walikalia na hiyo pia. Charles alipokufa 1328 Wanavarre wakakataa kuwa na Philippe wa Valois, ambaye hata hana damu ya bibi yule, wakamtaka mwenye haki. Mwaka 1329, pale Pamplona, Jeanne akavikwa taji pamoja na mumewe Philippe wa Évreux. Alikuwa na miaka kama 17, na alitawala hadi alipokufa 1349.